Milio Mitatu, Saa Moja Jioni

Stockholm, 10 Septemba 2006

Shikamoo shangazi,

Natumaini barua hii imekukuta umekaa, miguu juu ya kigoda kama alivyoagiza daktari, ingawa nakujua: utakuwa umesimama jikoni, mkono mmoja barua, mkono mwingine mwiko. Mimi ni mzima. Mafua yamekwisha. Fleti ni ile ile, na jirani wa juu bado anahamisha viti vyake kila Jumapili, sijui huwa anavipeleka wapi. Masikio yako je? Kile kifaa ulichopewa hospitali unakivaa, au bado kimelala kwenye droo ya vijiko? Helge wa ng'ambo ya ziwa bado anakuletea samaki? Msalimie, ingawa najua hatajibu.

Sasa jambo lenyewe. Ofisi yetu inatafuta kazi ya Nordklang, ile kampuni ya simu. Wanataka tangazo la televisheni la sekunde arobaini kabla ya Krismasi, na kulitunga nimepewa mimi. Shangazi, mwaka huu nimeshapoteza wateja wawili. Kazini wameanza kunisemesha kwa upole, na watu wa matangazo wakikusemesha kwa upole ujue umekwisha. Hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho.

Nilikwenda kwenye kikao na michoro mitatu ya ovyo. Mkuu wao wa matangazo, Krister, alikuwa ameshaanza kutazama saa. Nikafungua mdomo, nikajisikia naeleza habari yetu mimi na wewe. Kwamba nilipokuja huku mwaka 1984, nina miaka kumi na tisa, uliniambia kupiga simu mbali ni ghali na isitoshe hupendi kuongea na mkono wa simu. Basi nikifika nyumbani jioni, saa moja kamili, nipige, iite mara tatu, nikate. Wewe hupokei. Unajua tu kwamba nimefika, mlango nimefunga, niko hai. Halafu unazima taa ya jikoni unakwenda kukaa.

Krister aliacha kutazama saa. Bibi mmoja wa mahesabu alifuta macho kabisa. Krister akauliza: "Na mpaka leo bado unampigia?"

Nikasema ndiyo.

Naomba ruhusa yako, shangazi. Ukikataa nitaelewa.

Mwanao,
Ylva


Tallsele, 24 Septemba 2006

Marahaba mwanangu,

Nilikuwa nimesimama, ndiyo, lakini sikuwa na mwiko, nilikuwa na kisu. Msimu wa kuwinda umeanza na kijiji kizima kipo msituni. Nyumba zote zimebaki na wanawake na mbwa wazee. Helge ndiye kiongozi wa wawindaji tena mwaka huu, kwa sababu ndiye pekee asiyepiga kelele. Salamu nimemfikishia. Alitazama kofia yake. Kwa Helge hiyo ni hotuba. Alhamisi nilipika supu ya njegere na chapati za maji kama kawaida, nikajikuta nimepika ya watu wanne. Mkono haujui kupunguza.

Kifaa cha masikio kimelala vizuri kwenye droo, usikisumbue. Sauti za watu kwenye simu nazisikia kama uji unaochemka, hata nikikivaa. Kengele naisikia. Ndiyo maana naandika barua, na wewe andika kwa herufi kubwa zaidi, huo mwandiko wako ni wa daktari.

Habari ya tangazo: sasa mtu akitaka kuuza simu anauza kutopokea simu? Huko Stockholm mnalipwa kwa mambo ya ajabu. Kama itakufaa kazini, fanya. Mimi simu yangu inalia kila jioni saa moja, milio mitatu, kama siku zote. Sina la kulalamika.

Umekonda? Hukusema kitu kuhusu chakula. Na yule Mattias, tangu ahame, haonekani hata kwa salamu? Usijibu kama hutaki.

Shangazi yako,
Gunvor


Stockholm, 15 Oktoba 2006

Shikamoo shangazi,

Herufi ni kubwa sasa, natumaini umeridhika. Nakula. Nakula nimesimama, lakini nakula. Mattias haonekani, na kusema kweli simtafuti. Ni mwaka wa nne sasa. Ninachokosa si yeye, ni mtu wa kumuuliza kama nimezima jiko.

Ile sentensi yako kuhusu simu nimeisoma mara nyingi. Sijui niseme nini juu yake, kwa hiyo leo sitasema kitu. Nisamehe.

Nordklang wametupa kazi! Kazini wamerudi kunifokea, nimefurahi mno. Maneno ya mwisho ya tangazo yatakuwa: "Safari hii, pokea." Maana kuongea jioni sasa kutakuwa bure kwa wateja wao, hakuna haja tena ya kukata. Krister ameyapenda, anayasema hata kwenye lifti.

Ila anataka pia skrini iandikwe "Hadithi ya kweli", na jina lako na la kijiji. Kwa hiyo nimekuwekea karatasi ya kutia sahihi. Na anauliza kama wanaweza kuja kupiga picha jikoni kwako. Ni watu kumi na wanne, siku mbili. Wataleta chakula chao.

Ylva wako


Tallsele, 9 Novemba 2006

Marahaba mwanangu,

Nimechelewa. Theluji ilianguka mapema, gari la posta halikufika wiki nzima, na nilipokuwa na nafasi ya kuandika sikuwa na hamu, na hamu ilipokuja wino ulikuwa umekauka. Ni mzima. Mguu wa kushoto unauma, wa kulia unauonea wivu.

Karatasi hii hapa, nimetia sahihi. Andikeni jina langu mkitaka, nina miaka sabini na saba, litaharibika nini?

Lakini watu kumi na wanne jikoni kwangu, hapana. Wafanye nini, wakae wapi, wavue viatu kumi na vinne mara mbili? Tafuteni jiko lenu. Huyo bibi mtakayemkodi mwambieni haya: simu iko kwenye kona karibu na dirisha linaloelekea ziwani. Meza ina kitambaa cha plastiki chenye alama ya sufuria moto. Taa ni moja, juu ya meza. Na simu ikilia asitabasamu. Hakuna anayeitabasamia simu. Mtu anahema tu, basi.

Usiseme kitu kama huna cha kusema. Mimi sijakuuliza.

Gunvor


Stockholm, 3 Desemba 2006

Shikamoo shangazi,

Haraka haraka tu. Tumemaliza. Jiko tulilijenga kwenye ghala moja nje ya mji na theluji ya dirishani ilikuwa chumvi na karatasi. Maelekezo yako yote niliyasoma kwa sauti mbele yao. Kitambaa cha plastiki kilitafutwa siku mbili. Alama ya sufuria tuliichoma wenyewe na nikajisikia kama nimeiba.

Siku ile ya mwisho, yule bibi mwigizaji aliketi pale kwenye kona, simu ikalia mara tatu, akahema. Nililia mbele ya watu wote. Walidhani ni furaha ya kazi.

Litatoka tarehe kumi, baada ya taarifa ya habari ya saa moja na nusu. Mwambie na Helge aangalie. Sherehe za Mtakatifu Lucia njema, washa mishumaa yako kama kila Desemba.

Ylva


Tallsele, 20 Desemba 2006

Marahaba mwanangu,

Tumeliona. Kila mtu ameliona. Dukani wananipigia makofi, yule binti wa kwenye kaunta ananiita nyota, na mchungaji alilitaja kanisani siku ya Lucia, nikatamani sakafu inimeze. Huyo bibi wenu kavaa aproni. Saa moja jioni, vyombo vimeshaoshwa, aproni ya nini? Na lafudhi yake ni ya kusini kabisa, mtu wa huku akimsikia anacheka mpaka anakohoa. Lakini kuhema amehema vizuri.

Mwisho mmeandika: "Gunvor wa Tallsele. Kila jioni, mpaka leo, mpwa wake bado humpigia." Hayo maneno hayakuwa kwenye karatasi niliyotia sahihi. Au yalikuwepo kwa herufi ndogo, sijui.

Simu haijalia tangu tarehe kumi na moja.

Siku ya kwanza nilidhani ni waya. Niliinua, mvumo upo. Siku ya pili nilidhani saa yangu imekosea. Sasa ni siku ya kumi. Naacha taa ya jikoni ikiwaka mpaka naona haya, halafu naizima mwenyewe bila sababu. Sikujua jioni ni ndefu hivi. Hata samaki sijaletewa.

Krismasi njema. Paja la nguruwe la Krismasi nimenunua dogo.

Gunvor


Stockholm, 2 Januari 2007

Shikamoo shangazi,

Leo sina habari za jirani. Barua yako ilifika mkesha wa mwaka mpya na nimekaa nayo siku mbili mezani.

Wewe unajua na mimi najua. Sijapiga tangu 1995. Ni miaka kumi na moja, shangazi. Niliposema ndiyo mbele ya Krister nilidanganya, na nilidanganya tena kila mara nilipolirudia, mpaka nikaliandika kwenye skrini kwa herufi nyeupe.

Nikueleze ilivyokuwa. Nilikuwa nimeanza kuishi na Mattias. Saa moja nikainua simu, akacheka, akasema, "Una miaka thelathini, bado unaripoti nyumbani kama mwanafunzi?" Nikaona aibu, nikaiweka chini. Nikasema nitapiga kesho. Kesho yake nikaona nikipiga itabidi nieleze kwa nini jana sikupiga. Siku ya tatu ikawa ngumu kuliko ya pili. Nikangoja uandike unigombeze, ili nilie, niombe radhi, nianze tena. Hukunigombeza. Krismasi ukaandika, "Simu inalia kama kawaida." Nikadhani unanisuta. Mwaka uliofuata ukaandika hivyo hivyo, nikadhani umesahau. Septemba iliyopita nilipokuomba ruhusa ukarudia tena, na nikaogopa kwamba akili yako imeanza kukutoka na unasikia kengele isiyolia. Na hata kwa kuogopa hivyo, sikupanda treni kuja kukuona. Nilikuwa na tangazo.

Sasa unasema imenyamaza tarehe kumi na moja. Basi ilikuwa inalia kweli? Nani alikuwa anapiga?

Mimi huku ni mpweke, shangazi. Sijawahi kuandika neno hilo. Kila siku nafika nyumbani na hakuna mtu duniani anayejua kama nimefika.

Ylva


Tallsele, 21 Januari 2007

Mwanangu Ylva,

Kaa chini, hii ni ndefu.

Ulipoacha kupiga, ngoja nikwambie nilivyofanya. Nilikaa siku tisa. Siku tisa taa ya jikoni iliwaka mpaka asubuhi. Nilikwenda kwa mwenye duka nikamwomba apige kazini kwako, ajifanye anauliza bei ya kitu. Ukapokea wewe mwenyewe, sauti nzima kabisa, akaniambia. Basi, nikajua u hai na hutaki. Nilikasirika, usidhani sikukasirika. Ulinikata maini.

Siku ya kumi, saa moja kamili, simu ikalia. Mara tatu, ikakata. Nikafurahi kama mwehu, nikazima taa. Jiko likawa giza, na kwa kuwa lilikuwa giza nikaona nje. Ng'ambo ya ziwa, taa ya jikoni kwa Helge nayo ikazimika. Papo hapo.

Kesho yake nikaangalia tena. Milio mitatu, nazima, naye anazima.

Kijiji kizima kilijua habari ya milio yako, maana mimi sikuwa naingia kwenye kikao chochote cha jioni kabla simu haijalia. Yeye aliiona taa yangu siku tisa, akaelewa, na kwa kuwa ni Helge hakuweza kuja kuniuliza. Akapiga. Miaka kumi na moja, Ylva. Hakukosa hata siku mama yake alipozikwa. Ananiletea samaki, anasimama kibarazani, nasema asante, anatazama kofia, anaondoka. Sijawahi kumwambia najua. Hajawahi kuniambia ni yeye. Kama tungesema, tungeona haya na ingeisha.

Kwa hiyo sikukudanganya nilipoandika simu inalia. Ililia. Sikusema tu nani. Ningekwambia imenyamaza, ungeanza kupiga kwa haya, na mimi sitaki kupigiwa kwa haya.

Sasa tangazo lenu. Helge kaona kwenye televisheni, mbele ya nchi nzima: hadithi ya kweli, mpwa wake humpigia mpaka leo. Mtu yule atafikiri nini? Atafikiri kumbe mtoto alirudi kupiga zamani, na taa ilikuwa inazimwa kwa ajili ya mtoto, na yeye kwa miaka yote alikuwa mzee mjinga anayesumbua. Taa yake sasa inawaka usiku kucha. Naiona nikiamka kunywa maji.

Mmeiuza simu yangu, mwanangu. Nasema hivyo mara moja tu, sitarudia.

Gunvor


Stockholm, 30 Januari 2007

Shangazi,

Nilikwenda kwa Krister asubuhi barua yako ilipofika. Nikamwambia si hadithi ya kweli na haijawahi kuwa tangu nilipoitunga. Alifunga mlango, akaniambia, "Kuna watu laki mbili wamehamia kwetu kwa sababu ya bibi huyo, na wewe unaniletea dhamiri?" Lakini aliogopa magazeti. Tangu juzi maneno ya mwisho yameondolewa kwenye tangazo. Na mimi nimeondolewa kazini. Usinihurumie, nalala vizuri kuliko Septemba.

Nipe namba ya Helge, nimweleze mimi. Kosa ni langu. Au nije?

Ylva


Tallsele, 23 Februari 2007

Mwanangu,

Namba sikupi. Kosa ni lako, lakini simu ni yangu.

Ukitaka kuja, njoo Pasaka, ziwa likiwa bado na barafu ya kukanyagika. Leta kahawa nzuri, ya hapa imepanda bei na imeshuka ladha. Pole kwa kazi. Hujui kufanya kitu kingine? Utajifunza, hata mimi nilijifunza kuendesha trekta nina miaka hamsini.

Nilichukua wiki tatu kujipa moyo. Kwanza nilisema nitavuka nimwambie usoni. Nikavaa buti, nikafika katikati ya barafu, nikamwona amesimama dirishani, nikageuka kama mtoto aliyeiba. Jumanne iliyopita, saa moja kamili, nikainua simu. Mimi, Ylva! Sijapiga simu tangu masikio yalipoharibika. Vidole vilijua namba yake, sijui vilijifunza lini. Nilipanga iite mara tatu, nikate, nitazame taa yake.

Mlio wa pili akapokea. Nahisi alitaja namba yake, kama tufanyavyo sote wazee wa huku tunapopokea. Mimi nilisikia uji tu. Nikasema kwa sauti kubwa, kama mtu anayeita ng'ombe: "Helge, ni Gunvor. Mtoto hapigi. Hajapiga miaka kumi na moja. Nilikuwa nazima taa kwa ajili yako, na nilijua ni wewe tangu siku ya kwanza."

Alisema mengi, au hakusema kitu. Sikusikia hata neno moja. Nilishika simu sikioni mpaka sikio likapata moto. Halafu nikaona taa yake imezimika, nikazima yangu, na tukabaki hivyo, kila mtu na simu yake mkononi gizani.

Asubuhi nilikuta samaki watatu kibarazani, wameshaparuliwa. Na jioni, saa moja, simu ililia mara tatu.

Barua yako ya Januari naiweka chini ya kitambaa cha meza, pale kwenye alama ya sufuria. Ulisema hakuna mtu duniani anayejua kama umefika nyumbani. Basi nataka kujua. Lakini usipige saa moja, saa hiyo ina mwenyewe. Wewe piga saa mbili. Nitaacha taa ya sebuleni inawaka.

Shangazi yako,
Gunvor